Muti ao Mboga

Anayepanga nyumba mjini Butembo hujifunza upesi kwamba parseli ina sheria mbili. Ya kwanza husemwa wazi siku ya kuingia: kodi ni kiasi hiki, garanti ni ya miezi mitatu, maji ni juu ya mpangaji. Ya pili haisemwi mpaka siku mpangaji anaposhika jembe. Mboga anaruhusiwa kupanda. Miti haruhusiwi. Lengalenga, vitunguu na maharage ni chakula cha mtu aliye njiani. Huliwa, hung'olewa, na udongo hubaki kama ulivyokuwa. Mparachichi, mkahawa na mkaratusi ni mimea ya mtu anayesema kwamba hapa ni pake. Ndiyo maana swali ambalo mwenye parseli humwuliza mpangaji aliyeinama na mche mkononi, "Hii ni muti ao ni mboga?", si swali la elimu ya mimea. Anauliza: unakusudia kukaa hapa mpaka lini?

Nataka kuandika juu ya mmea ambao swali hilo halina jibu jepesi kwake, yaani marakuja, na juu ya mama yangu aliyelazimika kulijibu. Katika kitivo chetu tunajifunza kupanga nomino katika ngeli, na tunajua kwamba kupanga maneno ni kazi yenye mabishano. Nyumbani kwetu kazi hiyo hiyo iliamua kama tutapewa mita nne za ukuta wa nyuma au hatutapewa. Maneno ya watu nitayaandika kama walivyoyasema, kwa Kiswahili cha kwetu, kwa sababu ukiyasahihisha hoja yangu yote inapotea.

Kwanza jina. Katika Tanzania na Kenya tunda hili huitwa pasheni, pesheni au karakara. Katika Kiganda huitwa akatunda, kana kwamba ndilo tunda lenyewe na mengine yote ni nyongeza. Sisi wa Kivu tunasema marakuja, neno lililotoka katika lugha ya Kitupi ya Brazili, ambako hufasiriwa kuwa chakula kilicho ndani ya kibuyu, likapita katika Kireno, kisha Kifaransa, mpaka likafika sokoni kwetu. Nani amewahi kukata marakuja kwa kisu na kunyonya mbegu zake bila kuona kwamba Watupi walisema kweli? Ni kibuyu kidogo, na chakula kimo ndani.

Jina la pasheni lina asili nyingine. Wamisionari Wakatoliki walioliona ua la mmea huu na ndugu zake Amerika ya Kusini waliona ndani yake mateso ya Yesu. Mwaka 1610 huko Roma, Giacomo Bosio alieleza maana hiyo katika kitabu chake kuhusu Msalaba. Katika maelezo yaliyoenea baadaye, nyuzi za zambarau na nyeupe zinazozunguka katikati ya ua ni taji la miiba, vichwa vitatu vilivyo juu kabisa ni misumari, vifuko vitano vya chavua ni majeraha matano, na petali pamoja na sepali, zote kumi, ni mitume bila Yuda na Petro. Vikono vinavyojisokota ni mijeledi. Hivyo ndivyo jenasi nzima ilivyopata jina la Passiflora, na spishi yetu ikaitwa Passiflora edulis mwaka 1818. Nilipomweleza mama habari hizi, alilitazama ua lililokuwa mbele yake, akasema, "Mateso gani? Hii iko nazaa." Kisha akaendelea kufunga matawi.

Mama alijifunza marakuja Kanyabayonga. Msomaji asiyeufahamu mji huo auwaze mahali ambapo barabara ya taifa namba 2, ikitoka Goma na Rutshuru na kuvuka tambarare ya Rwindi ndani ya Mbuga ya Virunga, hupanda mteremko wa Kabasha kwa kona nyingi na kufika juu. Mji umekaa hapo, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Ukisimama mahali pa wazi asubuhi unaiona tambarare yote chini yako, na nyuma yako kuna milima inayoelekea Kayna, Kirumba na Lubero. Ni karibu sana na ikweta, lakini urefu wa milima hupunguza joto. Marakuja ya zambarau hupenda hivyo. Ile ya manjano, ambayo ni kubwa na chachu zaidi, ni ya nchi za chini zenye joto kali. Ya kwetu inataka jua la mchana na ubaridi wa usiku.

Nyuma ya jiko letu kulikuwa na kichanja cha miti ya mkaratusi, na marakuja mbili zilikuwa zimekifunika mpaka chini yake pakawa chumba. Tulimenyea viazi humo. Wageni walikaa humo. Ua la marakuja ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo anayeamka saa tatu ameshakosa nusu ya maonyesho. Mvua kubwa ikinyesha asubuhi mama alinuna, kwa sababu chavua ikilowa inapasuka na ua hilo halizai. Siku za jua alikuja yule mdudu mkubwa mweusi anayevuma kama pikipiki na kutoboa mbao za paa. Baba alitaka kumwua kwa ajili ya paa. Mama alikataa kwa ajili ya marakuja.

Tangu mwaka 2022 Kanyabayonga ilikuwa mji wa kupokea watu. Vita vya M23 viliposonga mbele, familia kutoka Rutshuru na Bwito zilipanda mteremko na magodoro kichwani, zikalala shuleni, makanisani, na katika nyumba za watu. Kwetu tulimpokea mama mmoja wa Bwito na watoto wake wanne. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na siku ya tatu mama alimpa jembe kweli, akamwonyesha kipande cha bustani karibu na choo. Methali haisemi mgeni huyo apande nini. Siku chache baadaye mgeni wetu alirudi kutoka sokoni na mche wa parachichi ndani ya mfuko mweusi. Mama alimwuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, hii si ni muti?" Mgeni akaelewa. Mche ukaenda kwa jirani, na karibu na choo ikaota lengalenga.

Sikufikiri lolote siku ile. Ilikuwa kawaida. Katika sehemu nyingi za Kivu, mtu anayeazima au kukodi shamba hupewa mazao ya msimu, kwa kuwa zao la kudumu ni kama saini. Aliyepanda kahawa ana miaka mingi ya kuvuna, na mwenye miaka mingi ya kuvuna si mgeni tena, watoto wake watasema, "Huu muti ulipandwa na baba yetu." Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wa nchi ni mali ya Dola, na kwamba raia hupewa tu haki ya kuutumia. Lakini Dola haiji nyuma ya choo kuamua mche wa nani ubaki. Hapo huamua desturi, na desturi huamua kwa neno: muti, mboga.

Tarehe 28 Juni 2024 M23 waliingia Kanyabayonga. Mimi nilikuwa tayari Butembo kwa masomo. Wazazi wangu na wadogo zangu walifika siku kadhaa baadaye, zaidi ya kilomita 100 kwa miguu na kwa lori, wakiwa na godoro moja, masufuria, na funguo za nyumba. Yule mama wa Bwito alikimbia pia, mara ya pili, na hatujui alikofikia. Marakuja zilibaki juu ya kichanja. Mama alizikumbuka kwa hesabu: zilikuwa na maua Mei, kwa hiyo matunda yangeanguka Julai au Agosti, kwa sababu tangu ua mpaka tunda bivu ni kama miezi miwili au mitatu. Alijua juma ambalo mtu fulani angeanza kuyaokota.

Tulipanga vyumba viwili katika parseli ya mzee mmoja, mtu wa haki, mfanyabiashara aliyestaafu. Nyuma kulikuwa na ukuta wa matofali ya udongo na ukanda wa ardhi wa mita nne kwa moja na nusu, uliojaa magugu na mifuko ya plastiki. Mama aliomba ruhusa ya kuusafisha, akapewa. Baba alitaka lengalenga na vitunguu, na hoja yake ilikuwa tumbo: lengalenga unaila baada ya wiki nne, marakuja inataka miezi minane au zaidi kabla ya kukupa tunda la kwanza. Kulikuwa na hoja nyingine ambayo hakuisema. Kupanda kitu cha miezi minane ni kukubali kwamba miezi minane ijayo hatutakuwa nyumbani. Kwa wiki kadhaa mtu aliyetaja Desemba mbele ya baba aliulizwa, "Desemba ya wapi?"

Mama alipanda lengalenga. Pembeni, katika makopo matatu ya maziwa, alipanda pia mbegu za marakuja. Alinunua sokoni matunda yaliyokunjamana, yale ambayo wateja huyaacha wakidhani yameoza na ambayo kwa kweli ndiyo yaliyoiva. Aliacha nyama yake katika kikombe siku tatu ichachuke, ili ule utelezi utoke, akaosha mbegu, akazikausha kivulini, akazipanda zikiwa bado mbichi. Mbegu iliyokaa miezi mingi hulala ardhini au hufa; hizi zilichipua baada ya wiki tatu. Mvua za Septemba zilikuwa zimeanza. Miche ilipofika urefu wa mkono alichimba mashimo mawili chini ya ukuta, akachanganya udongo na mbolea ya simbiliki na majivu, akainua udongo kidogo ili maji yasituame, kwa kuwa mizizi ya marakuja haivumilii kulowa muda mrefu. Hapo ndipo mwenye parseli alipotokea, mikono nyuma.

"Mama, hii unapanda, ni muti ao ni mboga?"

Nilikuwa nimekaa mlangoni na daftari la ngeli mapajani. Muhula ule tulikuwa tunasoma jinsi Kiswahili kinavyotengeneza jina la mti kutoka jina la tunda: chungwa, mchungwa, embe, mwembe, parachichi, mparachichi. Kiambishi kimoja, na tunda linapata mzazi. Lakini tulikuwa tumeona pia kwamba kiambishi hicho hakithibitishi mti. Mnanasi haufiki kiunoni. Mgomba, ambao kila mtu huuhesabu kuwa mti, kwa wanabotania ni mmea laini mkubwa usio na ubao ndani. Mnyanya una m- yake na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuuogopa. Kiambishi huonyesha kwamba tunda limetoka kwenye mmea fulani. Muda ambao mmea huo utakaa hakiujui.

Na Kiswahili chetu cha Butembo hakimsaidii mtu hata kidogo. Katika sanifu unasema mti huu umekauka na mboga hii imekauka, na upatanisho unakuonyesha kwamba hivi ni viumbe wa makundi mawili. Kwetu tunasema hii muti imekauka, hii mboga imekauka. Sarufi yetu imeubomoa ukuta kati ya ngeli hizo mbili, na hata hivyo watu wetu wanaulinda mpaka kati ya mti na mboga kuliko msomi yeyote wa sanifu. Nadhani kuna funzo hapo kwa sisi tunaopenda kusema kwamba anayechanganya ngeli amechanganya mambo. Mwenye parseli hakuchanganya chochote. Alijua anachouliza.

Mama alijifuta mikono, akasimama wima.

"Papa, haiko muti. Ni kamba yenye kuzaa. Siku ya kurudi kwetu, tunaifungua, tunakuachia udongo yako."

Mzee alifikiri. Nilimwona akipima neno, kwa maana hakuwa ameuliza habari za kamba. "Na miti ya kuipandishia?"

"Iko yangu. Nitaing'oa na mikono yangu."

"Sawa. Lakini usiweke sima. Na usiweke waya."

"Kamba tu, papa."

Baada ya mzee kuondoka, mama aliinama tena kwenye shimo. Alisema bila kuniangalia, "Yule mama wa Bwito, nilimuuliza hivi hivi." Hakuongeza neno. Nilisubiri aongeze, kwa sababu sisi watu wa vitabu tunapenda sentensi imalizike. Alishindilia udongo kwa vidole na kumwagia maji.

Nimelipeleka jibu la mama darasani, bila kutaja limetoka wapi, tulipokuwa tukijadili namna kamusi zinavyofafanua mimea. Mwalimu alituuliza tungeiweka wapi marakuja. Mwenzetu wa Goma alisema ni mmea utambaao, kama viazi vitamu. Wa Beni akakataa: viazi vitamu hutambaa chini, marakuja hupanda juu. Mwingine akapendekeza mkarakara, umbo la sanifu, na hoja yake ilikuwa nzuri: ukisha kuwa na neno hilo, mjadala umekwisha, mmea umeingia kundi la michungwa na miembe. Hapo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona mlangoni. Kwetu hakuna anayesema mmarakuja. Tunda ni marakuja, mmea ni marakuja, na hata hiyo ma- ya mwanzo, inayofanana na wingi wa ngeli ya JI-MA, haijamshawishi mtu yeyote nyumbani kusema rakuja moja. Neno lilifika kutoka mbali, likakaa kama lilivyo, halikupewa kiambishi cha mti. Laiti mama angekuwa ameukuta mmea huo tayari unaitwa mti ndani ya jina lake, angetumia nini kumjibu mzee? Upungufu wa kamusi yetu ulimwachia nafasi ya kusimama. Sisemi kwamba upungufu ni kitu kizuri. Nasema kwamba kabla ya kuujaza tuangalie nani amesimama humo.

Maana jibu la mama halikuwa ujanja. Kila alichofanya baadaye kilifuata neno kamba. Aliacha shina moja tu lipande, akavunja machipukizi ya pembeni mpaka lilipofika juu ya ukuta, ndipo akaruhusu mikono miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia. Kutoka mikono hiyo matawi yaliteremka kama pazia. Vile vikono ambavyo wamisionari waliviita mijeledi yeye anaviita vidole, na ni kweli vinafanya kazi ya vidole: vinapapasa, vinagusa, vikipata cha kushika vinajizungusha, vikikosa vinakauka. Marakuja huzaa kwenye tawi jipya, kwa hiyo tawi lililokwisha kuzaa hukatwa ili lingine litoke. Asiyeijua anaiachia yote, anapata kichaka kizuri cha majani na matunda matatu. Mama hukata bila huruma. Hata ikitunzwa vizuri, hudhoofika baada ya miaka mitatu, minne au mitano. Parachichi ingeweza kutuzika sote.

Ua la kwanza lilifunguka Juni mwaka 2025, karibu mwaka mmoja kamili tangu safari yao. Mama hakusema kitu kuhusu tarehe. Baba ndiye aliyetuita, asubuhi na mapema, akiwa na kikombe cha chai mkononi, akasimama mbele ya ua lile moja kama mtu anayesubiri kusalimiwa. Tangu siku hiyo hajawahi tena kuuliza Desemba ni ya wapi. Mdudu mweusi wa paa alikuja pia, sijui kutoka wapi, na safari hii baba alimwacha.

Kisha mmea wa pili, ule wa karibu na choo, ukaugua. Majani yalipata mabaka ya manjano na kujikunja, na matunda yake machache yakawa madogo, yamepindapinda, na ganda gumu ambalo kisu kiliteleza juu yake. Mama anauita ugonjwa wa mawe. Vitabu vinasema ni virusi, vinavyobebwa na vidukari na pia na kisu kinachotoka mmea mgonjwa kwenda mmea mzima, na kwamba hakuna dawa ila kung'oa. Mama hakuwa amevisoma vitabu hivyo, lakini kila alipokata alikuwa anapitisha kisu kwenye moto kabla ya kugusa mmea mwingine. Aliungoa asubuhi moja. Alianza juu, akafungua kila fundo la kamba, akashusha matawi, akachimba shina na mizizi, akachoma vyote, akaziba shimo na kulikanyaga. Kufika saa sita, mahali pale palikuwa udongo mtupu. Miezi kumi ya kazi ilikuwa imekunjwa katika nusu siku.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake upande wa pili, akitazama muda wote. Mama alipomaliza alikwenda akasimama juu ya lile shimo lililozibwa, akaligusa kwa ncha ya kiatu. "Kweli," alisema. "Ilikuwa kamba."

Tangu hapo mambo yalibadilika kwa namna ambayo wenzangu wa isimu wataipenda. Mmea uliobaki ulizaa vizuri. Mama hachumi, husubiri matunda yaanguke, huokota asubuhi, na la kwanza kila siku hupelekwa kwa mzee katika sahani. Mengine huuzwa, na yale yaliyokunjamana sana hubaki kwetu. Mwezi wa Oktoba mzee alikuja mlangoni akiwa na makopo mawili matupu ya maziwa. Alitaka miche. Alikuwa na nafasi upande wa mbele, karibu na lango, na alitaka wajukuu wake wapate matunda. Alisema hivi, na nililiandika siku ile ile: "Mama, na miye nataka ule muti ya marakuja."

Hakuna aliyemrekebisha. Kwenye lango lake ni mti. Atauwekea nguzo za chuma na sima, na wajukuu watasema ulipandwa na babu yao. Mita kumi na tano kutoka hapo, kwenye ukuta wa nyuma, mbegu za tunda lile lile ni kamba. Tukitaka kuandika kidahizo cha marakuja katika kamusi ya Kiswahili cha Kivu, nafikiri maana zote mbili ziingie, namba moja na namba mbili, na mfano wa kila moja uonyeshe nani anasema na amesimama kwenye ardhi ya nani.

Siku hiyo hiyo mzee alimwambia mama kwamba sasa anaweza kuweka waya. Kamba ya katani inaoza kwa mvua. Waya ingekaa miaka. Hata mimi nilimwambia akubali, kwa sababu ilikuwa ruhusa kubwa, na kwa sababu gharama ya kamba si ndogo kwa nyumba yetu. Mama alimshukuru sana, akampa miche mitatu badala ya miwili, na akakataa.

"Waya inakatwa," aliniambia jioni. "Kamba inafunguliwa."

Basi hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, kabla ya mvua kukolea. Mama hupanda juu ya kiti na kufunga upande wa ukuta, nami hushika ncha ya pili na kuvuta.